Biashara za watoto mtaani: ni za mtoto kweli ama ni za mzazi?

#1 Mama_Zawadi_Umoja
Wadau, salama. Leo naleta la watoto.

Binti yangu ana miaka 12, yuko gredi ya sita. Tangu shule zifungwe ananiganda: anataka kuuza krips hapo kwa geti ya ploti. Krips hazina neno. Kinachonitatiza ni kwamba biashara za watoto mtaani kwetu nimeziona za kutosha. Kuna wa barafu, kuna mapacha wa bangili za shanga, kuna kijana wa sungura. Zote huanza kwa kishindo likizo ya Agosti, shule zikifunguliwa kimya. Na ukichungulia ndani unakuta mama ndiye anaamka kukaanga, mama ndiye ananunua mafuta, mama ndiye anasugua sufuria. Mtoto kazi yake ni kushika hela na kupigwa picha ya stetasi.

Mimi nasema hivi, na mnipinge: biashara nyingi za watoto ni za mzazi, mtoto ni sura tu. Kama kuna ambaye mtoto wake ameendesha yake ikapita muhula mmoja, aniambie walifanyaje. Na kama ilikufa, iliuawa na nini?

#2 Chapo_Mbili
Krips zenyewe bei gani? Nikishuka stage ya Umoja jioni njaa huwa imenikaba. Pilipili iwepo.

#3 Hesabu_Kali
Mama Zawadi, zinauawa na hesabu ambayo haikupigwa.

Chukua hizo krips. Kiazi kwa sehemu kubwa ni maji. Kilo ya viazi ukiimenya, ukaikata nyembamba, ukaikaanga hadi ikauke, unabaki na kama robo kilo ya krips. Kwa hivyo ikiwa viazi mnanunua 80 kwa kilo, kilo ya krips imeshakula viazi vya 320. Bado mafuta, na krips zinanywa mafuta kweli, bado gesi, chumvi, karatasi za kufungia. Mtoto haoni hayo. Anachoona ni viazi vya 320 vimeuzwa 700, basi faida ni 380. Mafuta yalitoka jikoni kwa mama, gesi ni ya mama, mgongo unaouma ni wa mama. Mwezi haujaisha, mama anashangaa mtungi umekwisha mapema hivi kwa nini. Hapo ndipo utasikia "pumzika kwanza usome". Kila mtu atasema shule ndiyo iliyoua, kumbe ni mfadhili amechoka.

Mpe daftari. Kurasa mbili tu, kilichotoka na kilichoingia. Gesi iandikwe hata kwa makadirio. Akipata hasara, usimfichie.

#4 Baba_Mapacha
Mama Zawadi, hao mapacha wa bangili ni wangu 😄 Na hatukuweka stetasi. Tuliweka Facebook.

Hesabu_Kali, usitusingizie, sisi tulipiga hesabu. Shanga na uzi wa kuvutika tulinunua mjini, pesa ikarudi yote na ikazaa. Kilichotumaliza ni soko. Ploti yetu ina nyumba 32. Mwanzoni kila mtoto alitaka bangili ya rangi za bendera yenye jina lake. Wakaisha watoto, wakaja kina mama, na hao walinunua kwa haya: watoto wawili wanaofanana wamesimama mlangoni wanakutazama, utakataa vipi? Baadaye kila mkono una bangili, na bangili haiishi. Anayekula krips leo kesho ana njaa tena. Aliyevaa bangili ya jina lake anataka ya pili ya nini? Zawadi amechagua vizuri kuliko wangu.

#5 Mwalimu_G7
Nafundisha JSS, yaani sekondari ya chini. Mniruhusu nitetee shule kidogo, halafu niisute.

Gredi ya saba hadi ya tisa, somo la Pre-Technical lina sehemu nzima ya ujasiriamali. Biashara ilikuwa somo linalojitegemea, masomo yalipopunguzwa ikaingizwa huko. Wanafunzi wangu watakutajia sifa za mjasiriamali bila kuvuta pumzi. Kisha mmoja akija na njugu za kuuza kwenye begi, tunamnyang'anya na kumwita mzazi. Ndani ya uwanja wa shule hakuna kuuza. Sababu zipo, mtoto mmoja akiendesha tumbo ni nani atajibu? Lakini mtoto naye anajifunza kwamba ujasiriamali ni kitu cha kuandika kwenye mtihani.

Kuhusu swali lenyewe, mimi nasema ni ratiba. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi na moja, ana kazi ya ziada, ana nguo ya shule ya kufua. Ukimpangia biashara ya kila siku umemchimbia kaburi. Mpangie ya Jumamosi pekee, wateja wajue ni Jumamosi, na wakikosa wasubiri.

#6 Shosh_wa_Kangemi
Mwalimu, enzi zetu kulikuwa na 4-K, chama cha ukulima cha wanafunzi. Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Nyinyi wa juzi hamkuionja. Tulikuwa na shamba la shule, sukuma, vitunguu, sungura, na walimu ndio wateja. Serikali ilisema inaifufua mwaka 2021, na wajukuu wangu kweli shuleni kwao wamepanda vitunguu kwenye magunia.

Lakini niulizeni pesa ya zile sukuma zetu ilienda wapi. Hatukuiona. Tukaambiwa imenunua chaki. Na hilo ndilo jibu langu, mwanangu Mama Zawadi. Biashara ya mtoto huuawa na mkubwa mwenye maneno matamu: "nikopeshe mia mbili, nitarudisha Ijumaa." Hiyo Ijumaa haijawahi kufika nyumba ya mtu. Mtoto akishaona hela yake imegeuka unga wa nyumba, ataamka kukaanga kwa sababu gani?

#7 Kijana_Dono
Shosh umesema ukweli mtupu. Mimi nina miaka 16, niko sekondari, nauza sabuni ya maji hapa Donholm. Faida yangu ya kwanza ilinunua tokeni za stima. Sikulalamika, giza ni giza. Lakini ile ilikuwa pesa ya kununua mali na watu walikuwa wameshaagiza.

Nikamwambia mathe, kila nikiuza nitakutolea kitu ya nyumba, tukubaliane ni ngapi, ila mkebe usiguswe. Akacheka, akakubali. Hatujagombana tena. Sasa ni mwaka wa pili, kwa hivyo Mama Zawadi si zote hufa.

#8 Hesabu_Kali
Kijana, kwa hivyo unamlipa mathe ushuru. Safi sana. Hiyo sabuni unaitengeneza mwenyewe ama unanunua kwa mtungi na kupima?

#9 Kijana_Dono
Natengeneza. Si siri. Ungarol, ile rojo nzito ya kutoa povu, kilo moja unaiweka kwenye ndoo, unaipiga na mwiko hadi ibadilike iwe nyeupe kabisa. Chumvi unaiyeyusha kando kwa maji, unamimina kidogo kidogo huku unakoroga upande mmoja. Inaanza kuwa nzito, mwiko unahisi. Hapo ndipo watu huharibu. Wanaona chumvi imeifanya nzito, wanaongeza, wanaongeza tena, ghafla inalegea inakuwa maji, na kuirudisha ni kazi. Mimi nikifika uzito wangu naacha. Maji taratibu hadi lita 20, rangi, manukato, nafunika. Usiku povu linashuka, asubuhi inang'aa unaona chini ya ndoo.

Chupa naokota za soda, naosha hadi harufu iishe. Ile njia nyingine ya ufacid, ile asidi ya sabuni, na kostiki soda siigusi. Jirani yetu ilimchoma mkono.

#10 Mama_Zawadi_Umoja
Wuueh. Huyu ana miaka 16 na mimi hapa nauza mitumba sijui uzito wangu ni upi.

#11 Wakili_wa_Mtaa
Kabla mtu hajaogopa, au hajaogopesha wengine, sheria iko hivi.

Sheria ya Ajira ya 2007: mtoto aliye chini ya miaka 13 haajiriwi. Wa 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi, isiyomdhuru na isiyomkosesha shule. Hiyo ni habari ya kuajiriwa. Mtoto anayeuza chake chini ya macho ya mzazi ni suala tofauti, ila akianza kukosa masomo kwa ajili ya krips, atakayeulizwa ni mzazi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haina mchezo na hilo.

Mtu mzima ni miaka 18. Kabla ya hapo benki haimpi mkopo, kwa sababu mkataba wake hauna meno. Kwa hivyo mtaji ni wa nyumbani, ni zawadi, au ni akiba yake. Chapo_Mbili akichukua krips kwa deni akahama Umoja, anayemfuata ni Mama Zawadi.

Na chakula kina mambo yake. Anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa cheti cha afya, na barabarani unahitaji leseni ya kaunti. Kanjo, hao askari wa kaunti, hawaulizi umri. Ndani ya geti ni nyumbani kwako, hatua mbili nje ya geti ni mji.

#12 Chapo_Mbili
Watu wote hapa, mfano wa mtoro wa madeni ni mimi?

#13 Njugu_za_Kayole
Mnaongea vizuri, lakini kuna kitu kinanikereketa tangu #1.

Jina langu si la urembo. Niliuza njugu Kayole nikiwa na miaka kumi. Vifurushi vya karatasi vimepangwa kwenye beseni, kutoka stage hadi milango ya baa. Hakuna aliyeniita mjasiriamali. Askari aliniita chokoraa. Shuleni niliitwa mtoro. Kina mama wengine walisema mama yangu hana haya. Leo mtoto wa Lavington akitoa meza ya juisi mbele ya geti la baba yake, majirani wanashuka na simu kumpiga picha: bosi wa kesho huyo! Jua ni hilohilo, sarafu ni hizohizo.

Tofauti nitawaambia. Yule asipouza, analala ameshiba. Mimi nisipouza, tulilala tulivyo. Ndiyo maana yangu haikufa shule zilipofunguliwa, haikuwa na ruhusa ya kufa. Mama Zawadi unauliza kwa nini za watoto hufa. Zinakufa kwa sababu hakuna anayezitegemea, na hiyo ni neema, wala msiitafutie dawa.

Nilijifunza, sikatai. Nilijua kurudisha chenji gizani beseni likiwa kichwani. Nilimjua mlevi atakayekupa hamsini na kuapa alikupa mia mbili, kwa hivyo noti yake naishika juu aione kabla sijaingiza mfukoni. Hadi leo nashika noti hivyo, mke wangu hunicheka. Lakini darasa la sita nililirudia kwa sababu ya usingizi. Wangu hatauza usiku, hata njugu ziwe za dhahabu.

#14 Mama_Zawadi_Umoja
Pole kaka, na asante kwa kuyasema. Sasa nimwambie nini huyu wangu? Asiuze kwa kuwa hana shida?

#15 Njugu_za_Kayole
Auze. Asivuke geti, giza likiingia awe ndani. Na usimtambulishe kwa wageni kama mfanyabiashara. Mwache auze tu.

#16 Mpwani_Jijini
Hodi humu. Mimi ni wa Mombasa, niko South B miaka mingi.

Naona nyote mmeanzia mahali pasipo. Kwetu mtoto haanzi na biashara yake, huanza na sinia la bibi. Bibi amepika kashata, amekoroga mabuyu, amegandisha barafu za ukwaju. Wewe unatumwa: nenda nazo hadi madrasa, urudi na hesabu. Ukirudi salama unapewa chako. Mtaji si wako, hasara si yako, jiko si lako. Unachojifunza ni kuuza pekee. Miaka inapita, ndipo unasema bibi, leo nataka yangu hamsini nijaribu.

Nairobi mnataka mtoto awe mwenye mali, mpishi, muuzaji na mhasibu kwa likizo moja. Lazima azimie. Mama Zawadi anasema kosa ni mama kupika. Mimi sioni kosa hapo, mama apike, mradi waambiane wazi kwamba krips ni za mama na mtoto ni wakala.

#17 Hesabu_Kali
#16 nakubali kwa nusu. Wakala sawa, lakini kama hajui krips zimegharimu ngapi, siku akianza yake atarudi palepale kwenye #3.

#18 Chapo_Mbili
Mpwani, tukiwa hapo. Kwa nini mabuyu ya Nairobi yananiacha na ulimi mwekundu na hayana ladha?

#19 Mpwani_Jijini
Kwa sababu mnauziwa rangi. Sukari na maji kidogo ziive hadi ziwe shira, rangi, iliki, pilipili ya unga, kisha mbegu za mbuyu zenye unga wake ziingie, ugeuze haraharaka kabla shira haijakauka. Anayebania iliki anaongeza rangi. Na msiniulize kuhusu viazi karai vya huku, sitaki ugomvi.

#20 Baba_Mapacha
Viazi karai vya huku vina shida gani?

#21 Mpwani_Jijini
Nilisema sitaki ugomvi.

#22 Mtu_wa_Houston
Nawasoma kutoka mbali. Huku nilipo hili jambo lina hadi siku yake. Inaitwa Lemonade Day, ilianzia hapa Houston mwaka 2007, watoto wanafundishwa kupanga bajeti, kutafuta mwekezaji (mara nyingi ni baba), kisha wanatoa meza za maji ya limau siku moja mji mzima. Mwekezaji lazima alipwe kwanza, hapo Hesabu_Kali atafurahi.

Na msidhani ni huko nyumbani tu kanjo wanasumbua. Huku pia watoto walikuwa wanafungiwa meza kwa kukosa leseni, hadi mwaka 2019 jimbo la Texas likapitisha sheria kwamba mji hauwezi kumzuia mtoto aliye chini ya miaka 18 kuuza limau au kinywaji kingine kisicho na kileo kwenye kiwanja binafsi au bustani ya umma. Utah walitangulia 2017. Kwa hivyo ndugu Wakili, sheria zinaweza kubadilishwa.

#23 Wakili_wa_Mtaa
Zinaweza. Nitafutie mbunge anayenunua krips.

#24 Njugu_za_Kayole
Mtu wa Houston, siku moja kwa mwaka? Hiyo si biashara, hiyo ni sherehe.

#25 Mwalimu_G7
Njugu, hapo kuna kitu. Kuna mpango wa Junior Achievement, nao ulianzia Marekani mwaka 1919, na Kenya upo, unaingia shule za sekondari. Wanafunzi wanaunda kampuni ndogo, wanachagua mkurugenzi na mweka hazina, wanauziana hisa za bei ya chini, wanatengeneza kitu na kukiuza. Muda ukiisha wanaifunga kampuni rasmi, wanalipa wenye hisa, basi. Kufa kwake kumeandikwa kwenye ratiba. Kwa hivyo #1 anapouliza kwa nini zinakufa, huenda swali zuri zaidi ni zinakufaje.

#26 Hesabu_Kali
Mwalimu nakuunga. Kufunga na kuzimika ni vitu viwili. Ukifunga, unahesabu kilichobaki, unalipa deni la mama, unagawana. Zile za ploti hakuna anayefunga. Inabaki ndoo ya shanga chini ya kitanda.

#27 Baba_Mapacha
Ndoo ya shanga chini ya kitanda umeionaje wewe?

#28 Shosh_wa_Kangemi
Mimi bado sijashawishika. Mnasema hesabu, soko, ratiba, sinia. Kijana wa Donholm ana hayo yote na anasoma, na yake haijafa. Amewazidi nini? Mkebe wake hauguswi.

#29 Mwalimu_G7
Shosh, Kijana ana miaka 16. Wa 12 ni mwingine kabisa. Miaka hiyo minne mtoto anabadilika mara kumi. Wengi huacha kwa sababu wamechoshwa, wamepata kingine cha kupenda. Wiki hii krips, wiki ijayo densi. Tunatafuta muuaji na pengine hakuna aliyeua.

#30 Kijana_Dono
Mwalimu usinisifu, kuna mwezi sijatengeneza hata chupa moja, mitihani. Nilichofanya ni kuwaambia wateja mapema, wakajinunulia ya kuwatosha. Wengine hawakurudi, hiyo ni kweli.

#31 Mama_Zawadi_Umoja
Sasa la pesa. Siku hizi nani anatembea na sarafu? Wateja watasema nitume wapi. Zikija kwa simu yangu nitakuwa nimerudi kwenye ile Ijumaa ya Shosh, najijua.

#32 Chapo_Mbili
Mfungulie Pochi la Biashara, ile ya M-PESA ya wafanyabiashara wadogo, jina lake litokee.

#33 Wakili_wa_Mtaa
Chapo, haiwezekani. Laini inasajiliwa kwa kitambulisho, na kitambulisho ni miaka 18. Pochi itakuwa ya mama, jina litakuwa la mama.

#34 Kijana_Dono
Kuna M-PESA Go, ni ya miaka 10 hadi 17, mzazi ndiye anamsajili mtoto. Inaingia kwake, lakini mzazi anaona kinachoingia na kutoka. Ndiyo natumia. Ubaya ni mteja akikosea kutuma, unampeleka kwa mathe, na mathe yuko kazini. Kwa hivyo nimeandika namba kwenye kadibodi kubwa na naangalia mtu akitype.

#35 Njugu_za_Kayole
Mimi ningemwanzisha na sarafu, watoto wa ploti wana sarafu. Namba kwenye skrini mtoto haihisi. Akimwaga mkebe mezani na kupanga kumi kumi, anaona mwenyewe kama imepungua.

#36 Hesabu_Kali
Sarafu pia zinapotea. Na watoto wakubwa wanajua nani ana mkebe. Mimi nasema Go, na daftari.

#37 Baba_Mapacha
Mama Zawadi, utafungia krips kwenye nini? Wa barafu wa ploti yetu alikuwa anatumia vile vimifuko vya nailoni, akaambiwa na jirani atashikwa.

#38 Wakili_wa_Mtaa
Jirani hakutoka hewani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na faini zake si za mtoto, ni za kuuza shamba. Tumia karatasi ya kaki.

#39 Mpwani_Jijini
Na si gazeti, jamani. Krips za moto kwenye gazeti mtu anakula wino. Azimwage kwanza kwenye chujio mafuta yatoke, zipoe kabisa, ndipo afunge. Zikifungwa na moto zinalainika, na mteja wa krips laini harudi.

#40 Mama_Zawadi_Umoja
Asanteni. Tumekaa naye na daftari. Tulipofika kwa gesi akauliza, "kwani nalipa gesi?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya, kisha akauliza kama mayai ya kuchemsha yanakula gesi kidogo. Tumenunua kreti moja ya 30 tujaribu Jumamosi, kachumbari anakata yeye. Sijui itafika wapi na sitaki kujua saa hizi.

#41 Chapo_Mbili
Kwa hivyo krips hakuna?

#42 Mgeni_Pipeline
Samahani nimechelewa, sijasoma kurasa zote. Kijana wangu wa miaka 13 anataka kufuga kuku wa kienyeji. Tuko ghorofa ya nne, kuna balkoni. Aanze na vifaranga kumi?

#43 Baba_Mapacha
Ghorofa ya nne Pipeline, mwenye ploti ataamka na jogoo? Caretaker atakutoa kabla ya yai la kwanza.

#44 Shosh_wa_Kangemi
Mwanangu, achana na balkoni. Kama una mtu mwenye uwanja, Ruai au Kangundo Road, awaweke huko na awe anaenda wikendi. Na hata hao kumi, chanjo ya kideri ni lazima, na chupa yake haiuzwi ya kuku kumi. Ndogo ni ya dozi 50 au 100, na ukishaichanganya haikai, saa chache tu umetupa. Atafute majirani wenye kuku wachange, wachanje siku moja.

#45 Mgeni_Pipeline
Kuna shangazi yake Ruai ana kuku tayari. Kwani hao wakubwa nao wanachanjwa pamoja na vifaranga?

#46 Shosh_wa_Kangemi
Wanachanjwa. Muulize shangazi yake mara ya mwisho ilikuwa lini, kisha umpigie daktari wa mifugo wa huko Ruai kabla hujanunua hata kifaranga kimoja.